Dandi wa Avon Street

Ukitaka ugomvi, mseme mwana mbele ya mama anayejivuna naye. Keturah Mabbutt, dobi wa Avon Street mjini Bath, alikuwa hasikii wala haambiliki. Vidole vimebabuka kwa magadi, mgongo umepinda, mume kafa zamani; lakini mwanawe Enoch, karani wa wakili, alivaa kuliko bosi wake.

"Wanamwita dandi!" alimtambia jirani yake, Dorcas. "Mabwana wenyewe, kwa vinywa vyao!"

"Enzi zetu tuliwaita watanashati, na walikuwa na mashamba," Dorcas akajibu. "Shoga, dandi wakiitana wao kwa wao ni sifa. Wakimwita karani hivyo, wanamcheka. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti."

"Wivu huo!"

Ehe, wivu! Aliambiwa mapema, lakini nani asikie?

Jumapili moja ya Januari, Bwana Thurlby, mmoja wa mabwana hao, na wenzake walimwahidi Enoch kwamba watatembea naye mbele ya nyumba ya maji ya dawa, wanakokutana wakubwa wa mji, watu wote wakiona. Akipokelewa siku hiyo, ameingia kundini. Asipopokelewa, karani atabaki karani. Keturah akamfunga mkaja wa mifupa ya nyangumi, goti lake mgongoni mwa kijana, akavuta kamba hadi mwanawe akahema. Kola ilishiba wanga ikawa kama kibao. Shingo haigeuki, kiuno hakiinami.

"Mama, leo usionekane kule. Nakuomba."

"Nitafuata nini mimi? Nenda baba, ukang'are."

Akaenda. Keturah kugeuka, loo! Glavu ziko mezani. Dandi mikono mitupu si dandi, hata yeye alijua hilo. Akatoka mbio na aproni yake mbichi, akikata vichochoro, hata akamwona Enoch amesimama katikati ya mabwana wanne.

"Enoch! Glavu zako!"

Barafu ikamtelezesha. Alianguka kwa mkono wa kulia, na mfupa ulilia ka! kila mtu akasikia.

Bwana Thurlby akainua miwani yake. "Bwana Mabbutt, bibi huyu unamjua?"

Enoch hakuweza kutazama chini, kola haikumruhusu. Lakini mdomo wake haukufungwa na kola, mwanaharamu yule.

"Dobi wangu."

"Mwinue basi, dandi wetu! Au kiuno kinauma?"

Wakacheka, na wapita njia wakacheka. Enoch hakuinama. Alinyoosha kiganja tu, akingoja apewe glavu. Na mama, nakuambieni nikiwa na hasira hadi leo, akaziokota matopeni kwa mkono wa kushoto, akampa.

Mchukuzi wa makaa ndiye aliyemwinua. Mkono ule uliompa Enoch ugali wa shayiri miaka ishirini ulikuwa unaning'inia.

"Nyumbani kuna mtu wa kukutazama, mama?" mchukuzi akauliza.

"Hakuna."

Bwana Thurlby utani ulikuwa bado umemkolea. "Na huyu dandi, bibi, mama yake yuko wapi? Tungependa kumpongeza."

Keturah akamtazama mwanawe usoni. Enoch alikuwa anavaa glavu.

"Amekufa, bwana."

"Pole sana. Lini?"

"Sasa hivi."

Mabwana wakaangua kicheko, wakashikana mikono, wakaondoka wanne vilevile walivyokuja, Enoch wakamwacha palepale.