Futi Iliyoshuka Shingoni

Mtaa mzima ulimwita Bwana Chaki, na jina hilo alilitolea jasho. Mafundi wengine wakitaka kukata koti huweka rula, huchora, hufuta, huanza upya. Yeye alitandaza kitambaa mezani, akashusha mkono wenye chaki mara moja tu, na mstari ukatoka begani hadi pindoni umenyooka kama uzi uliovutwa. Dukani hakuwa na rula kabisa. Aliyeuliza aliambiwa, "Rula ni ya watoto wa shule."

Futi yake ya kupimia ilining'inia shingoni tangu afungue mlango hadi afunge. Mkewe alikuwa akimtania kwamba iko siku ataoga nayo. Kwa hiyo futi ilipohamia kiunoni, mke ndiye aliyeiona kwanza.

"Vipi, baba, shingo imeichoka?"

"Inanikera tu."

Haikumkera, ilimuuma. Homa ya mafua ilikuwa imepita mtaani bila kubisha hodi. Kila nyumba ilikohoa, naye akakohoa na wenzake, akapona, akarudi kwenye cherehani yake na kusahau. Kisha sehemu ya mbele ya shingo, chini ya kikoromeo, ikaanza kuuma kiasi kwamba hata uzito wa futi hakuuvumilia. Akimeza mate, maumivu yalipanda tayani hadi sikioni. Akaamua ni jino. Akanunua karafuu, akaziweka kwenye kopo la vifungo, akawa anatafuna kutwa.

Lakini jino gani linalomtoa mtu jasho amekaa kivulini? Moyo ulimwenda mbio bila kukimbizwa. Alikula sahani ikarudi nyeupe, akaongezwa, akamaliza, na bado suruali zake mwenyewe alizipunguza kiuno mara mbili. Na mkono, ule mkono wake, ukaanza kutetemeka.

Jirani yake muuza misumari alikuwa anamwoza binti yake, akaleta kitambaa cha koti. Bwana Chaki alishusha chaki, mstari ukayumba. Aliuona. Badala ya kuufuta, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya mteja, aliufuata vivyo hivyo, akitumaini mkasi utauficha. Siku ya kujaribu, koti likaning'inia upande mmoja juu, mwingine chini.

"Fundi," jirani akacheka akijitazama kwenye kioo, "hili koti limelewa, au nani kalewa?"

Bwana Chaki akasogea kumbana pini begani. Jirani akavuta pumzi, kicheko kikakatika.

"Karafuu asubuhi yote hii? Bwana Chaki, sisi ni watu wazima. Tunajua karafuu zinaficha harufu gani."

Pini zikamdondoka fundi. Akainama kuziokota. Marehemu baba yake alikuwa mwalimu mkuu, mtu ambaye hata kwenye harusi alishika glasi ya maji, na watu bado walimtaja kwa hilo.

Maneno yalifika nyumbani kabla yake.

"Nitazame machoni," mkewe alisema. "Umekunywa?"

"Mama watoto, hata wewe?"

"Najua hujanywa. Nataka nikiwajibu watu, nijibu kwa kinywa chako."

"Sijanywa."

"Basi funga duka mpaka mkono utulie. Nitasema umesafiri kwa dada yako."

Alikubali, na hapo ndipo walipokosea. Duka lililofungwa likawa shahidi wa wasemaji: amepelekwa akaachishwe pombe. Mke aliitikia salamu huku akijua nyuma yake vichwa vinasogeleana.

Asubuhi moja, akimfunga mumewe kifungo cha kola, vidole vyake viligusa shingo. Mume akaruka kama aliyechomwa sindano. Mke akapapasa tena, taratibu. Palikuwa pagumu, pamevimba.

"Vaa viatu. Twende hospitali, na tunapita barabarani, mbele ya duka la misumari. Tumejificha vya kutosha."

Daktari, binti mdogo kwa umri, alimpapasa shingo, kisha akauliza, "Kabla ya haya, uliugua mafua?"

"Hayo yalishapita, daktari. Hayahusiki."

"Hayo ndiyo ninayoyatafuta."

Vipimo vya damu vilipotoka, aliwaeleza. Hapo shingoni kuna tezi, thairoidi, inayouwekea mwili akiba ya homoni na kuutolea kidogo kidogo. Wakati mwingine, virusi vya mafua vikishaondoka, tezi huvimba na kuuma, na akiba yote huvuja kwenye damu. Ndipo moyo hukimbia, jasho hutoka, mwili hukonda, mikono hutetemeka. Dawa za kuua bakteria hazisaidii. Angempa ya kupunguza uvimbe na maumivu, na nyingine ya kutuliza moyo na mkono. Wengi hupona, ila si leo wala kesho, na huenda kwanza akapitia kipindi cha uchovu na baridi, tezi ikiwa imeishiwa akiba. Lazima arudi kupimwa.

"Basi andika hapo kwamba si pombe," mke akasema.

"Mama, siandiki ambacho mtu hakunywa."

Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, Bwana Chaki akacheka, ingawa kucheka kulimuuma.

Walifungua duka. Mke alinunua rula, akaiweka mezani bila neno. Fundi alitandaza kitambaa kipya cha rangi ileile ya koti lililoharibika, akamwita jirani, akanyoosha mkono ili autazame unavyotetemeka. Akamsimulia yote.

Jirani aliutazama mkono ule. Kisha akaiona rula.

"Si ulisema ni ya watoto wa shule?"

"Nimerudi darasa la kwanza. Shika upande huo, isiteleze."

Wakachora pamoja. Mstari ulipofika pindoni, Bwana Chaki alifungua kopo la vifungo.

"Chukua karafuu moja. Tuwe walevi wawili."

Jirani akaitia mdomoni, akasimama mlangoni akiitafuna mbele ya wapita njia, huku akiwaambia kwa sauti kubwa kwamba fundi anaugua tezi. Mke alikaa kwenye cherehani, akaanza kuunganisha mikono ya koti. Futi ilikuwa bado kiunoni kwa mumewe.