Picha Ambazo Bilhah Hakuweza Kuzifuta

Bilhah Chelang'at alichaguliwa kuwa katibu wa kikundi kwa sababu mwandiko wake ulisomeka na simu yake ilikuwa na kamera nzuri. Walikuwa wanawake kumi na wanane, wakulima wadogo wa chai nje kidogo ya Litein. Chemchemi yao ya Kapsoiyo ilikuwa imepungua maji tangu ilipozungukwa na mikaratusi, nao wakaamua kuing'oa miti hiyo na kupanda tebeswet na miti mingine ya kienyeji.

Pesa za kazi hiyo zilitoka kwa watu wasiowajua. Shirley, msichana aliyewafundisha mjini Bomet, aliwaeleza kwamba kuna mtandao usio na mwenyewe, usio na bosi wala ofisi. Vikundi vinavyohifadhi mazingira huandika humo kazi vinayotaka kufanya, watu wa nchi mbalimbali hupiga kura, na kikundi kikishinda hutumiwa sarafu za kidijitali zinazogeuzwa kuwa shilingi kwenye simu.

"Hakuna mtu atakuja kuwakagua," Shirley alisema. "Picha zenu ndio ukaguzi. Simu itaonyesha mahali na siku."

Mwezi wa Aprili walipanda miche mia tatu. Bilhah alipewa jukumu la kuhakikisha ua wa kuzunguka miche umezibwa kabla ya wiki kuisha. Akaahirisha. Kwanza kulikuwa na majani ya kuchuma, kisha harusi ya binamu yake kule Siongiroi, akakaa huko siku mbili. Aliporudi aliwakuta ng'ombe wake mwenyewe, wale wawili wa maziwa, katikati ya miche, wakitafuna bila haraka.

Aliwafukuza, kisha akatazama huku na huku. Hakuna aliyemwona. Na picha zilitakiwa siku hiyohiyo.

Alikwenda kwenye kitalu akachukua miche sita iliyosalia. Akaitia ardhini juujuu, akapiga picha, akaing'oa, akasogea hatua chache, akapiga tena. Jasho lilimtoka kama mwizi. Jioni alizituma zote.

Kesho yake wanawake waliona uharibifu. "Jana ilikuwa sawa," Bilhah akasema, akawaonyesha simu. "Tazameni. Lazima ng'ombe wa watu wameingia usiku."

Jirani wa karibu mwenye ng'ombe alikuwa Mzee Zacheus. Walimwendea wote pamoja, wakipaza sauti. Mzee alisimama mlangoni, kofia mkononi. "Kama ni wangu, nisameheni, kina mama," alisema. "Nitawafunga." Bilhah alikuwa nyuma ya wenzake, akitazama viatu vyake.

Wakati wa kurudi, mwenyekiti wao, bibi mzee waliyemwita Kogo Marcella, aliomba simu. Ndiye aliyeotesha miche yote kwa mbegu alizookota msituni. Aliitazama picha ya kwanza, ya nne, ya tisa.

"Hii mti naijua," alisema polepole. "Hii jani ililiwa na mdudu, nikaiacha tu. Hapa iko. Hapa tena iko." Akamrudishia simu, akaendelea na safari. Bilhah alitamani afadhali angetukanwa.

Jumatatu alipanda gari hadi Bomet, akamwomba Shirley azifute zile picha.

"Siwezi," Shirley alijibu. "Hata waliotengeneza huo mtandao hawawezi. Zimehifadhiwa kwenye kompyuta nyingi, kila mahali. Unaweza tu kuandika kitu kingine chini yake."

"Kitu gani?"

"Ukweli, Mama. Wewe ndio unaujua."

Aliuandika hukohuko, akifuta na kuanza upya mara nyingi: ua ulikuwa kazi yangu, ng'ombe ni wangu, picha ni za miche sita. Alhamisi aliwasomea wenzake. Hakuna aliyepiga kelele. Mmoja, Caren, aliuliza tu, "Na tukaenda kumpigia mzee kelele, ukituangalia?" Bilhah aliitikia kwa kichwa. Ukatibu akapewa Caren.

Kwa Mzee Zacheus alikwenda peke yake, baada ya kupita langoni kwake siku tatu bila kuingia. Alimkuta ameinama akikata nyasi kwa panga. Tangu siku ile ng'ombe wake walikuwa wamefungwa kwenye vigingi, na yeye, na mgongo wake mbovu, akiwabebea chakula kutoka mtoni. Bilhah alimweleza yote akiwa amesimama.

Mzee alifuta panga kwa nyasi. "Nilikuwa nimewapiga hawa ng'ombe," alisema. "Nilidhani wamenitia aibu."

Akaweka panga chini, akaenda kuwafungua. Bilhah alipomfuata ili amsaidie kamba, alimzuia kwa mkono. "Wacha. Nitafungua mwenyewe."

Kura za awamu iliyofuata zilikwenda kwa kikundi kingine, cha Chepalungu. Wanawake wa Kapsoiyo walikusanya mbegu upya, na mvua za Novemba zilipokuja wakapanda bila pesa za mtu. Bilhah alichimba mashimo upande wa juu, mbali kidogo na wengine. Mzee Zacheus alipopita njiani aliwasalimu wote kwa pamoja, nao wakaitikia. Bilhah aliitikia pia, kwa sauti ndogo, bila kuinua uso kutoka kwenye shimo.