Puli Iliyokataa Kulia

Kila ninapopita kwa wauza vyungu pale Makanyagio, husimama hata kama sina haja ya chungu. Mwanamke atakinyanyua kimoja kwa vidole, atakigonga kwa kifundo cha kidole, nacho kitaitika ngeee, sauti nyembamba inayochelewa kuondoka. Mama yangu alinunua vyungu kwa namna hiyo hiyo. Hakukubali kugonga chungu kikiwa chini. "Chungu kilichokaa hakisemi ukweli," alituambia, nasi watoto tukawa tunanyanyua kuku na kuwagonga ili tujue kama ni wazima.

Sauti ile hunirudisha kijijini kwetu Mwamkulu, kwenye banda la mashine ya kukoboa mpunga aliyotuachia baba. Wazazi wetu walifariki mmoja baada ya mwingine, tukabaki wanne. Mimi ndiye mkubwa. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na shule nilikuwa nimeiacha darasa la sita. Baba mdogo alikuja kutoka Kapalamsenga, alikokuwa akiendesha maboti ya mizigo ziwani, akakaa nasi na kuisimamia mashine. Ndugu walikuwa wamekubaliana baada ya matanga kwamba mashine ikifanya kazi watoto wakae pamoja, ikisimama kila mmoja achukuliwe na wa kumlea. Nililisikia hilo nikiwa nyuma ya mlango na kitinda mimba wetu, Rehema, mgongoni. Jina lake ndilo lililotajwa kwanza.

Mavuno ya mwaka ule tundu la puli, gurudumu la chuma linalovutwa na mkanda wa mashine, likalika, ikawa inateleza kwenye shafti. Baba mdogo akaenda mjini, akarudi kwa bodaboda na puli kuukuu ya wauza vyuma chakavu, imepakwa rangi mpya ya buluu kama bibi harusi mtu mzima. Aliibwaga juu ya rundo la pumba, kando ya ile iliyolika, akazigonga zote mbili kwa spana. Pu. Pu.

"Zinafanana," akasema. "Hii nzima."

Nje wateja walikuwa wamepanga magunia tangu asubuhi. Mdogo wangu Masanja alikwisha kukaa kwenye kigoda chake, chini ya mdomo wa mashine, ameshika kiroba tayari kukinga mchele. Kigoda kile kilitazamana na puli, karibu kiasi kwamba upepo wake ulikuwa ukimpeperusha kola ya shati. Kuna siku kijiwe kilichopita na mpunga kilitoboa bati la banda letu. Nilimtazama Masanja, nikalitazama lile tundu la bati, nikawaza puli yenye ufa ikipasuka katika kasi ile.

Nikamwambia baba mdogo kwa adabu kwamba pumba zimemeza sauti, puli ining'inizwe kwanza. Alisema jua linakwenda na watu wanangoja. Akainama kuichukua. Nami nikauokota mkanda wa mashine, nikaukunja, nikaukalia.

Wateja wakacheka. "Mwacheni bibi mkaguzi," alisema Mama Tatu, mteja wetu wa siku zote. "Wali tutaula Krismasi."

"Kabula, inuka," baba mdogo akasema.

"Masanja akitoka pale nitainuka."

"Na mchele atakinga nani?"

"Mimi."

Baba mdogo akatafuta kamba ya katani, akaitupa juu ya boriti na kuining'iniza puli yetu ya zamani. Nikaigonga kwa mpini wa jembe. Ililia ngeeee, ndefu, hadi Rehema akageuza kichwa kutafuta inakotoka. Tukaishusha, tukapandisha ya buluu. Nikagonga. Ilisema kwacha, fupi, yenye mkwaruzo ndani yake kama chungu chenye mchanga. Nikagonga tena nikiomba nimesikia vibaya. Maana kama sikukosea, mashine ingesimama, na nilijua ni jina la nani lililotangulia.

"Umesikia, baba mdogo?"

Uso wake haukubadilika. Aliishika kamba, akaing'ata kwa magego, akafumba macho na kunifanyia ishara nigonge. Huko nje wakaangua kicheko upya, mmoja akasema bwana yule anaionja puli chumvi. Nami niliona ananidhihaki. Alinigongesha mara kadhaa, akairudisha ya zamani, akaing'ata kamba tena, kisha ya buluu tena. Hakuna aliyekuwa akicheka tena.

Akaishusha. Akaikwangua rangi kwa kisu, akaipaka mafuta ya taa, akaifuta ikakauka, kisha akainyunyizia unga wa muhogo. Tuliinama juu yake sote. Mwanzoni unga ulikaa mweupe. Halafu, taratibu, mstari mwembamba wenye unyevu, mafuta yakitoka kwenye ufa, ukajichora kutoka kwenye tundu la katikati kwenda ukingoni.

Baba mdogo alitoka nje. "Mama zangu, chukueni mpunga wenu. Leo hatukoboi."

Mashine ilisimama karibu mavuno yote. Shangazi alikuja akamchukua Rehema kwenda Kapalamsenga; puli nzima ikapatikana kabla zamu yetu sisi wengine haijafika. Rehema aliporudi mwaka uliofuata, mashine ikiwa inafanya kazi, alikuwa akimwita shangazi mama, na mimi alinisalimia shikamoo kama mgeni. Ilimchukua muda kunizoea.

Juzijuzi tu, kwenye harusi ya Masanja, nilikaa karibu na baba mdogo. Simu yake iliita mezani kwa sauti kubwa, watu wakageuka, yeye akaendelea kula. Nilipomgusa bega, aliichukua, akaizima mlio akaiacha itetemeke, akaitia kwenye mfuko wa shati, kifuani. Nikamuuliza ameanza lini kutosikia. Akacheka, akasema injini za maboti zilimla masikio kabla hajafika Mwamkulu, maneno huyasoma midomoni. Siku ile ya puli, spana yake kwenye pumba aliihisi mkononi tu, na kelele zangu za ngeee na kwacha hakuzipata. Ndiyo maana akauma kamba, ili meno yamsikilizie.

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza.

"Ningesema, ndugu wangesema mashine imepewa kiziwi. Nyie mngegawanywa wiki hiyo hiyo."

Miaka yote hiyo nilijihesabu kuwa ni mimi peke yangu niliyekuwa nikiwashikilia wadogo zangu wasitawanyike. Sikujua kwamba tulikuwa wawili.