Gauni Lililomkaa Vizuri

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na mtaani wanamwita Mama Pindo. Siku hizi ana sharti moja linalowaudhi wateja. Ukimleta mtoto, mgonjwa au mzee kupimwa nguo, yeye huingia naye nyuma ya pazia, wewe unabaki nje. Juzi baba mmoja alimfokea, "Kwani unapima nguo au unahoji watu?"

"Vyote viwili, baba. Benchi hilo hapo, kaa."

Alikaa, akinung'unika.

Sharti hilo lilikuja kwa kuchelewa. Aliyemfundisha Shangazi kushika sindano ni mwalimu wake wa shule ya msingi, mama mnene, mcheshi, ambaye hata alipostaafu hakushonesha nguo kwingine. Alikuwa akijigeuzageuza mbele ya kioo. "Pima vizuri, mwanangu, usinikatie gunia. Kiuno ninacho, ni vile kimejificha tu." Fundi viatu, anayefanya kazi na Shangazi kwenye kibaraza kimoja, alikuwa akicheka hadi msumari unamponyoka mdomoni.

Kisha Mwalimu akapata kiharusi. Mkono wa kulia ulilegea, ulimi ukawa mzito. Mwanawe alifanya kazi mbali, kwa hiyo alimwacha mikononi mwa mkewe. Tangu hapo Mwalimu hakuja tena mwenyewe, aliletwa.

"Fundi, mbanie mama gauni hili, linampwaya," mkwe alisema mara ya kwanza. "Watu wataona kama hatumtunzi."

Shangazi alianza kuchoma pini. "Mwalimu, unakula lakini?"

"Anakula kuliko sisi sote!" mkwe alidakia. "Ni ugonjwa tu unaomkondesha."

Mwalimu alimtazama Shangazi kupitia kioo. Midomo yake ilicheza, akilitafuta neno, lakini mkwe alikuwa ameshaanza kuuliza gauni litakuwa tayari lini.

Shangazi ni fundi hasa, na hapo ndipo alipokosea. Yeye akiona nguo inapwaya, huona kosa la nguo. Alibana mbavuni, akainua kola ifunike shingo, akatia sponji nyembamba mabegani ili mifupa isijichore. Gauni lilimkaa Mwalimu vizuri mno. Waliompita akiwa ameketishwa nje ya nyumba yao walimsifia. Lilipopwaya tena, aliletwa tena, na Shangazi akabana tena, kwa ustadi uleule.

Si kwamba hakuona kitu. Alimgusia fundi viatu: "Mbavu za Mwalimu nimezigusa mojamoja leo. Moyo wangu haujatulia."

"Wewe shona, mama. Ukianza kuchungulia masufuria ya watu, nani atakuletea kitambaa?"

Akashona.

Gauni la mwisho aliamua kulipeleka mwenyewe, maana mkwe hakulifuata. Ilikuwa mchana, jua limewaka. Mlango wa nyumba ulikuwa na kufuli kwa nje, na ndani kulisikika kitu kikigongwa. Alichungulia dirishani. Mwalimu alikuwa sakafuni, anagonga kikombe kitupu ukutani.

Shangazi alipiga yowe. Fundi viatu, aliyelisikia kutoka kibarazani, alikuja na nyundo akavunja kufuli, Mwalimu akakimbizwa hospitali, na afisa ustawi wa jamii akaitwa. Afisa aliwauliza majirani waliojazana kwenye korido: hakuna hata mmoja aliyeona dalili?

"Tungejuaje, jamani?" jirani mmoja alilia. "Kila tukimwona amependeza!"

Shangazi aligeukia ukuta.

Mkwe sasa ana kesi mahakamani. Mwana alirudi, akamhamishia mama yake kwa mama mdogo. Mwalimu alipata nafuu, ila miguu haikupata nguvu tena. Daktari alisema angeletwa mapema, huenda angekuwa anatembea.

Shangazi alichelewa sana kwenda kumwona. Kila wiki alitafuta kisingizio. Alipokwenda alimkuta amerudisha mwili kidogo, amevaa gauni la dukani, pana, lisilo na umbo. Akaanza kujieleza, maneno yakimtoka kwa fujo. Mwalimu aliinua mkono wa kushoto kumnyamazisha, akalitafuta neno taratibu. Safari hii hakuna aliyemkatiza.

"Ulikuwa... unanipima."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Mikono yako... ilijua."

Shangazi aliuliza, kwa sauti ya mwanafunzi, kama angeruhusiwa kumshonea gauni jipya, bila malipo.

Mwalimu alitikisa kichwa. "Njoo... tuongee. Nguo... hapana."

Kwa hiyo Shangazi huenda, mikono mitupu, anakaa kando ya kitanda. Wote wawili huongea polepole, na mara nyingine hata hucheka. Lakini Mwalimu hajamruhusu ampime tena.