Siku Kumi na Moja Nilizonyamaza

Damu nilikwenda kumtolea mama mzazi wa wifi yangu. Nalitanguliza hili makusudi, ijulikane mapema nani alimfanyia nani wema. Bibi yule alikuwa anapasuliwa uvimbe, na hospitali ikataka ndugu waje kutoa damu. Wifi, mke wa kaka yangu, akasema yeye ana damu kidogo. Ndugu zake wote wakapata safari siku moja. Mimi nikafunga banda langu la khanga Darajani saa nne asubuhi, saa ambayo wanunuzi ndiyo kwanza wanaanza kushikashika, nikaenda kulala kitandani na kunyoosha mkono.

Baada ya wiki nikapigiwa simu. Nilidhani wananishukuru.

“Damu yako, mama, hatukuweza kuitumia.”

Nimeuza nguo miaka ishirini na mbili, na sijawahi kurudishiwa mzigo kwa upole namna ile. Wamekuta virusi vya homa ya ini, aina ya B. Wakanipa barua ya kwenda kliniki.

Daktari wa kliniki alikuwa binti wa umri wa kuwa mwanangu. Alinipa shikamoo, nikamwitikia marahaba, kisha akaniambia mtu mzima akivipata virusi hivi, mara nyingi mwili hupigana navyo mwenyewe ukavishinda. Visipoondoka ndani ya miezi sita, basi vimekuwa sugu. Nirudi baada ya miezi sita nipimwe tena.

“Miezi sita mingi, mwanangu. Fanya mitatu.”

“Haipungui, mama.”

“Minne basi, na nitakuja mwenyewe bila kupigiwa simu.”

Akacheka, lakini hakushuka. Nikaondoka nimemheshimu. Muuzaji asiyeshuka kabisa huwa ana mzigo wa kweli.

Kosa langu lilikuwa kumwambia kaka. Tumezaliwa wawili tu, yeye na mimi, na sikuwa na mwengine wa kumwambia. Yeye akamwambia mkewe usiku ule ule, maana kaka yangu siri humkaa kama samaki kwenye jua.

Ramadhani ikaingia. Kila Ijumaa ya mwezi mtukufu tunafuturu kwa kaka, nyumbani kwake Amani, wanaume barazani na wanawake ndani juu ya mkeka. Ijumaa ile tulikuwa wanawake tisa. Nilihesabu mara mbili, kwa sababu masinia yalikuwa mawili, na wifi aliwapanga wanne huku na wanne kule, nikabaki mimi nimesimama na buibui langu mkononi.

“Wewe wifi, yako hii,” akasema, akanisukumia kwa ncha za vidole. Sahani ya plastiki, na kikombe kilichofungwa uzi mwekundu kwenye mkono wa kushikia, watu wasije wakakikosea. “Usijione vibaya. Tunaangalia afya za watu.”

Shangazi yake mmoja akauliza, bila hata kupunguza sauti, “Ana nini?”

“Ini.”

“Linaambukiza?”

“Ndiyo hilo sasa.”

Nikakaa nikala. Muhogo wa nazi ulikuwa mzuri, samaki amekolea ndimu, na chakula hakikuwa na kosa lolote kwangu. Nilikwenda futari tatu mwezi ule, ili kaka asije akauliza kulikoni, na zote tatu nilikuta uzi mwekundu unanisubiri. Mtoto wao mdogo aliniambia kikombe changu hukaa juu ya dirisha la jikoni, pembeni ya kibati cha paka. Aliniambia kwa nia njema. Alidhani nitafurahi kujua kimetunzwa.

Kwa mtu wa kazi yangu, kisasi cha kwanza kinachokuja kichwani ni khanga. Ningeweza kumchagulia khanga yenye maneno ya kumchoma, nikajifunga nikapita mbele yake mara saba. Nikaona hicho kisasi cha rejareja. Nilitaka cha jumla.

Miezi sita ilipotimia nilirudi kliniki. Kabla hata ya kukaa nikamuuliza yule binti habari ya kula sinia moja.

“Kula pamoja hakuambukizi,” akasema. “Wala kikombe, wala kupeana mkono, wala kukumbatiana. Ni damu, mama, na kitanda cha mke na mume. Wembe mmoja, mswaki mmoja, sindano iliyokwisha tumika. Na mama kumwambukiza mtoto wakati wa kumzaa.”

“Sema tena.”

Akasema tena.

“Sasa niandikie, na upige muhuri.”

“Muhuri wa nini?”

“Wifi yangu haamini maandishi yasiyo na muhuri.”

Akaandika, akapiga. Kisha akanitoa damu, na majibu yakawa yale yale: virusi vipo, havikuondoka, vimekuwa sugu. Wakanipima kazi ya ini na wingi wa virusi, wakanilaza wakalichungulia ini lenyewe kwa mashine. Daktari akasema linafanya kazi vizuri, sihitaji dawa kwa sasa, ila nirudi kila baada ya miezi sita walitazame. Safari hii sikujaribu kupunguza.

“Mtu anayekaa navyo sugu,” akasema, “mara nyingi alivipata mdogo kabisa. Mama yako yuhai?”

“Alikufa.”

“Kwa maradhi gani?”

Nikamwambia. Macho yalikuwa manjano, tumbo likajaa maji mpaka khanga haikufunga, mwili mwengine wote ukabaki mifupa. Siku zile hakuna aliyetaja ini. Tulitafuta wa kumlaumu na tukampata: mwanamke wa Makunduchi, jirani yetu, aliyekuwa akimletea mama pweza. Tukasema kamtia kitu kwenye pweza. Kaka na mimi hatukumsalimu tena mpaka naye akafa, na nakumbuka nilivyokuwa nikijivunia kugeuza shingo kila nikipita mlangoni kwake. Daktari aliandika.

“Ndugu zako wa tumbo moja wangapi?”

“Mmoja. Kaka yangu.”

“Apime. Na mkewe apime. Siku ya kwanza hukuambiwa?”

Pengine niliambiwa. Siku ya kwanza masikio yangu yalikuwa yamefunga duka.

“Ini halilii, mama. Mtu anakwenda kazini, anacheka, na huku ndani linapata makovu. Wengine huishia kwenye saratani. Akijulikana mapema zipo dawa. Akichelewa, ndiyo kama mama.”

Nikatoka pale nikaenda kukaa Forodhani, mchana mtupu, wakati wapishi hawajafika na benchi zote ni zangu. Sikuwa nafikiria makovu. Nilikuwa nafikiria kwamba nimeshika kitu ambacho wifi hana. Anayelala kitanda kimoja na kaka yangu ni yeye. Kama kaka anavyo, basi bibi huyu aliyefunga uzi kwenye kikombe changu alikuwa amevikumbatia vyenyewe miaka kumi na minne. Nikaona utamu. Nasema kweli, niliuona kama mtu anavyoona tende saa ya kufuturu. Nikasema acha akae. Acha aendelee kuosha sahani yangu kwa maji ya moto. Nitamwambia siku ninayotaka mimi, mbele ya watu ninaowataka mimi.

Nikanyamaza siku kumi na moja. Kila asubuhi nilijiambia natafuta wakati mzuri, na kila jioni nilijua ni uongo. Kaka sikumtia katika hesabu kabisa. Mimi, ninayehesabu khanga mara mbili kabla ya kuzifunga doti, nilihesabu upande wa wifi mara mbili na upande wa kaka nikauruka.

Siku ya kumi na moja kaka akaja bandani. Nilikuwa nimeagiza bakuli la urojo, nimekunywa nusu. Akakaa kwenye kigoda, akalivuta bakuli, akachukua kijiko changu kutoka mkononi mwangu na kuanza kunywa.

“Mkeo akikuona,” nikasema.

“Aone. Nnakula na wewe tangu hatujaota meno.” Akamaliza, akajifuta. “Nnachoka siku hizi, dada. Nkipanda ngazi mbili nnatafuta ukuta.”

“Umri.”

“Labda.”

Nikamtazama macho. Sikuona manjano. Nikatazama tena, safari hii nikamvuta mpaka juani, akaniuliza kama nanunua mbuzi. Pale pale, kati ya khanga, nikamwambia yote: mama, tumbo, daktari, kupima. Sikumwambia lini niliambiwa.

Mnunuzi mmoja akaja, akauliza bei, akaondoka.

“Mke wangu hatakubali,” akasema mwishowe. “Atasema watu watatuona kliniki.”

“Mkeo niachie mimi.”

Jioni ile ile nilimkuta wifi uani, anachambua mchele kwenye ungo. Nikampa karatasi yenye muhuri. Akaisoma yote, midomo ikitembea, akairudisha.

“Haya, kumbe sahani haina neno,” akasema. “Ntaitoa. Basi yameisha.”

“Hayajaisha. Mkapime, wewe na mumeo.”

“Mimi sina kitu.”

“Nani kakwambia?”

“Nnajijua.”

“Na mimi nilikuwa nnajijua, mpaka nilipokwenda kumtolea damu mama yako.”

Akachambua mchele. Nikamwacha. Katika biashara anayesema wa kwanza baada ya kimya ndiye anayeshuka.

“Majirani watatuona,” akasema.

“Kliniki ina mlango wa nyuma.”

“Siku nyengine.”

“Sikiliza wifi. Mimi nina karatasi. Mimi najulikana nilivyo. Wewe hujulikani. Ijumaa kuna khitma nyumbani kwa shangazi yako, na nitakaa karibu na wewe. Wakileta sinia nitauliza kwa sauti, mbele ya wote: huyu ambaye hajapima, sahani yake iko wapi?”

Akaniangalia. “Hutafanya hivyo.”

“Umenijua miaka kumi na minne.”

Ungo ukasimama. “Alkhamis,” akasema.

“Kesho.”

“Jumatano.”

“Kesho, saa mbili. Nitakuja kuwachukua.”

Kliniki, kumbe wifi anaogopa sindano. Alifumba macho hata kabla hawajamgusa kidole, akang'ang'ania mkoba wake kama anaibiwa. Kipimo cha kwanza ni kidude kidogo, tone la damu na kusubiri: mstari mmoja huna, mistari miwili unavyo. Viliwekwa viwili juu ya meza, chake na cha kaka. Nikaviinamia, nikaomba. Mwenyezi Mungu anisamehe, niliomba mstari wa pili umtokee yeye.

Chake kilitoka mstari mmoja. Nikahesabu tena. Mmoja.

Cha kaka miwili.

Daktari alieleza kuwa wifi aanze chanjo siku ile ile, sindano tatu: leo, baada ya mwezi, na baada ya miezi sita. Watoto kadi zao zilionyesha walichanjwa tangu wadogo. Kaka akatolewa damu nyingi zaidi na kupangiwa siku ya ile mashine. Tukashika njia ya kurudi. Nilikuwa nimetaka kumuona wifi analia, na alikuwa analia, na sikupata faida hata kidogo.

Mwezi uliofuata tukarudi watatu, wifi kwa sindano ya pili na kaka kwa majibu. Ini lake limeanza makovu. Halijafika mbali, akasema daktari, ila virusi ni vingi, na atameza kidonge kimoja kila siku, kwa miaka, bila kuruka. Akafungua jalada langu, akatazama tarehe. “Afadhali mama huyu alikuleta. Nilimwambia tarehe nne ya mwezi uliopita.”

Kaka akanishukuru pale pale. Nikazipokea shukrani zake. Kisha akaenda dirisha la dawa, tukabaki wifi na mimi kwenye korido, yeye amebana pamba begani.

“Tarehe nne,” akasema. “Kwangu ulikuja tarehe kumi na tano.”

“Kumi na tano.”

“Siku kumi na moja.”

Ningeweza kusema nilikuwa na homa, au duka lilikuwa na kazi. Uongo nnao wa kila kipimo. Lakini alikuwa amehesabu sawa.

“Ulikaa kimya kwa ajili yangu,” akasema.

“Kwa ajili yako.”

“Na yeye ini lake linaliwa.”

Daktari nilikuwa nimeshamuuliza kando, mara mbili, na mara zote mbili alisema siku kumi na moja si kitu kwa ini la miaka arubaini na saba. Hilo sikulitoa. Halikuwa na thamani pale.

“Utamwambia?” nikauliza.

Akamtazama mumewe kule dirishani, akipokea chupa ya vidonge na kuitikisa sikioni.

“Simwambii,” akasema. “Nnaliweka akiba.”

Miaka kumi na minne kaolewa kwetu, na siku ile ndiyo nilimuona mtu wa kufanya naye biashara. Nikamwambia sindano ya tatu nitampeleka mimi mwenyewe, nimuone anavyofumba macho.

“Njoo,” akasema. “Safari hii nitayafumbua, nikuone unavyonitazama.”