Tumbo Nililomzulia Shangazi

Je, shangazi alikuwa amekubali upasuaji, au alikuwa amekubali uwongo wangu? Swali hilo lilininyima usingizi siku nne, mimi niliyerudi Nakuru kutoka Kampala na digrii na suti moja.

Shangazi, dada mkubwa wa baba, aliishi Ndabibi kwenye shamba la mzungu. Kwa miaka mitatu sehemu zake za siri zilimwasha. Dresa wa zahanati, mfunga vidonda na bingwa wa magonjwa asiyoyatazama, alimpa mafuta ya upele. Yalipoisha akampa mengine. Mwishowe akamshauri aoge vizuri, mwanamke aliyenifundisha mimi kuoga.

Nilipompeleka hospitali ya mjini, daktari alimtazama. Aliona ngozi nyekundu yenye majimaji na magamba meupe, mfano wa pumu ya ngozi. Akakata kipande, kikapelekwa Nairobi kupimwa. Jibu likarudi: kansa ya ngozi, ya aina adimu, inayotambaa polepole. Tiba ilikuwa kisu. Angekata mpaka nje ya ule wekundu, kwa sababu ugonjwa huo huenda mbali kuliko macho yanavyoona.

"Mweleze," daktari aliniambia kwa Kiingereza, mikono mifukoni.

Kwetu mtoto wa kiume hatamki viungo vya shangazi yake. Basi nikajikusanyia heshima zangu zote, nikasema: "Shangazi, una kidonda chini ya tumbo. Watakitoa."

"Tumbo?"

"Karibu na tumbo."

Akaweka dole gumba kwenye karatasi ya kukubali upasuaji. Daktari akasifu Kiingereza changu.

Kisha nikaanza kuwaza, kazi pekee niliyoisomea. Nikimwambia, atakataa na atakufa. Nisipomwambia, atazinduka akiwa ameibiwa. Niwatume kina mama wa kanisa? Kufikia Jumapili wangeugeuza ugonjwa kuwa dhambi. Nikaandika barua, barua nzuri sana, ndipo nikakumbuka kwamba hajui kusoma. Wa kumsomea angekuwa muuguzi wa kiume wa wodi hiyo, mwenye mdomo mpana kuliko lango.

Mchana wa siku iliyotangulia upasuaji nikaichana barua. Nikaingia wodini, nikavuta kigoda.

"Shangazi, si tumbo. Ni ngozi ya uke. Ni kansa. Watakata midomo yote miwili na ngozi ya pembeni, na huenda wakachukua ngozi ya paja kuziba."

Hakushtuka. "Nani hupakwa mafuta ya upele tumboni? Nilikuwa nangoja nione kama shule imekufundisha kusema."

"Unaweza kukataa."

"Nilipokatwa usichanani hakuna aliyeniuliza. Huyu daktari anauliza, na wewe, msomi, unameza swali." Akanyoosha shuka. "Sasa nenda ukamuulize: nitakojoa vipi? Na usimwambie ni tumbo linalouliza."

Nikamkuta daktari kwenye baraza, pamoja na wauguzi wawili na mfagiaji. Nikamuuliza papo hapo, kwa sauti, neno kwa neno. Njia ya mkojo itaachwa, alisema. Nikarudi wodini nikamwambia shangazi hivyo hivyo.