Breki Iliyoshuka Katikati ya Sala

Mwanangu wa kwanza alipozaliwa, baba yangu alituma salamu kutoka kwetu magharibi kwamba hataki picha, anataka mtoto. Afya yake haikuwa njema, na kila aliyetoka nyumbani alinifikishia ujumbe uleule. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, nami nilikuwa na gari kuukuu, fahari ya ua wetu mzima pale Eastlands. Ila njia ya kwetu huteremka Bonde la Ufa, na breki ya gari lile sikuiamini.

Si kwamba haikushika. Ilishika vizuri hadi siku ilipoamua vingine. Mara moja nilikuwa nimesimama kwenye foleni kule Eastleigh, mguu juu ya breki, pedali ikazama taratibu na gari likaenda kuugusa mkokoteni wa vitunguu. Mwenye vitunguu alinitukana, nami sikunyamaza, maana ulimi wangu ni mwepesi. Lakini nilirudi nyumbani kwa gia ya kwanza.

Jirani yangu wa mlango wa pili alikuwa fundi, mwenye banda la mabati kando ya barabara. Alibadilisha padi, akatoa hewa kwenye paipu, akakagua gurudumu moja moja. Hakuna tone lililovuja. Kisha akaingia garini akaipiga pedali mateke ya haraka haraka, ikawa ngumu kama jiwe.

"Buda, hii iko fiti," akasema. "Wewe ni uoga tu."

Nikakanyaga vilevile, mbio mbio, nayo ikawa ngumu. Nikamshukuru, lakini moyo ulikataa kutulia.

Asubuhi ya safari tulipakia mizigo mpaka gari likakaa chini. Mke wangu akaketi nyuma na mtoto. Kwetu hakuna aliyeondoka kwenda nyumbani bila kuombewa, na mwombaji wa ua alikuwa mama mmoja mtu mzima ambaye sala zake zilianza Mwanzo zikaishia Ufunuo. Akaja na akina mama wenzake, wakasimama mbele ya gari, mikono juu ya boneti. Injini ilikuwa inanguruma ipate joto, waya wa breki ya mkono ulikuwa umekatika, na ua ule umeinama kuelekea langoni. Kwa hiyo nilifumba macho, mguu nikauacha juu ya pedali.

Mama akaombea magurudumu. Akaombea madaraja. Alipofika kwa wafalme wa Israeli nilianza kusaga meno, nikitamani aseme Amina. Ndipo nikahisi pedali inashuka chini ya mguu wangu, polepole, mpaka sakafuni.

"Mwanangu!" mama akaita, akirudi kinyumenyume. "Mbona watusukuma na sala haijaisha?"

Nikaipiga pedali haraka, ikapanda, gari likasimama. Akina mama walikuwa wanacheka na kukung'uta magauni. Mimi sikucheka. Fundi, aliyekuwa amekuja kutuaga, akaweka jiwe mbele ya tairi na kuinama dirishani.

"Ulikuwa unapampu, mbio mbio vile?"

"Hapana. Niliweka mguu tu."

"Weka tena. Usipampu. Bonyeza na ungoje."

Nikabonyeza, nikangoja. Pedali ikazama. Akafungua boneti: mafuta ya breki kwenye chupa yake yalikuwa palepale, na chini pakavu.

"Ni masta," akasema, sauti imemshuka. "Mafuta haitoki nje. Inarudi ndani kwa ndani."

Raba za ndani ya masta silinda, ile inayosukuma mafuta kwenda magurudumuni, zilikuwa zimelika. Ukikanyaga kwa haraka, mafuta hayapati nafasi ya kupenya. Ukishikilia mguu, kama mtu anavyofanya kwenye mteremko mrefu, yanapita kando ya raba na nguvu yote inaisha. Sisi wawili tulikuwa tumeipima breki mwezi mzima kwa pupa. Kama yule mama angetuombea kwa kifupi, tungeondoka na breki ile.

Mke wangu alishuka na mtoto, akarudi ndani. Fundi naye hakuhitaji kuambiwa. Alienda mjini mwenyewe, akarudi na masta mpya, akaifunga, akatoa hewa. Kisha akakaa kitini na kubonyeza pedali, akasoma gazeti lote mguu ukiwa pale. Pedali haikusogea.

Tuliondoka siku iliyofuata. Kwenye ule mteremko malori yalinguruma mbele yetu, bonde limefunguka upande wa kushoto, nami nikashikilia breki kona baada ya kona. Ilisimama imara chini ya kiatu changu. Tulipofika tambarare nikaegesha kando ya barabara, nikazima injini.

"Kuna nini tena?" mke wangu akauliza kwa hofu. "Limeharibika?"

"Gari ni zima," nikamwambia. "Nipe mtoto nimshike kidogo."